Nyumba ya kustaafia isilipiwe Desemba

Mhariri,

Kila Desemba watu wanapopanda kuja nyumbani, madalali wa Moshi na Arusha huwa na msimu wao. Mgeni anakaa wiki mbili, mlima uko wazi, migomba imenawiri, na kabla ya mwaka mpya ameshatoa kishika uchumba cha nyumba ya likizo ambayo akistaafu ndiyo atahamia. Sisi mafundi tunaoitwa baadaye kurekebisha tunaomba nafasi: Desemba angalieni, lakini pesa isubiri masika.

Aprili ndipo barabara ya udongo huko juu Kibosho au Marangu inapojieleza. Gari likishindwa kupanda saa nane za usiku, hospitali ya KCMC iko mbali hata kama ramani inasema ni karibu. Uwandani shida ni udongo mweusi wa mfinyanzi: unavimba kwa mvua, unasinyaa kiangazi, na nyufa zinaanzia kwenye pembe za madirisha. Ukikuta rangi mpya imepakwa mita moja tu ya chini ya ukuta, kwangua kidogo. Unga mweupe wa chumvi ukionekana, ujue unyevu unapanda kutoka kwenye msingi.

Upande wa Meru, yaani Usa River, Ngurdoto na Maji ya Chai, kagueni maji kabla ya kukagua vigae. Floridi haina rangi wala ladha. Wiki mbili za likizo haikufanyi kitu, ila ukiinywa miaka mingi inaingia mifupani, na wajukuu watakaolelewa hapo wataota meno ya kahawia. Chukua nusu lita kwenye chupa ya plastiki, peleka maabara ya maji. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii, kunazidisha, kwa sababu maji yanapungua na floridi inabaki. Chujio la kawaida la udongo nalo haliiondoi.

Dawa rahisi ni bati. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20, hata ukitoa hasara, linakupa kama lita 1,600. Wazee wawili wakitumia lita 10 kwa siku kunywa na kupikia, siku 150 za kiangazi zinahitaji lita 1,500, kwa hiyo simtanki la lita 2,000 la kunywa tu linatosha. Mvua ya kwanza iacheni ioshe bati, maji yake yamwagwe.

Kuhusu karatasi: penye hati, fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati ili kuona kama kuna rehani au zuio, na mpima ardhi athibitishe mawe ya mpaka. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo. Kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo wa Kichagga, ni jambo jingine. Muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi, Halmashauri ya Kijiji lazima iridhie, na ukoo nao usikilizwe. Tembeeni mgombani mhesabu makaburi. Palipo na kaburi la babu, huyo kijana anayeuza kwa haraka ana ndugu ambao hamjaonana nao.

Ghorofa nzuri ya kutazamia mlima ina ngazi, na magoti ya miaka 70 hayazipendi. Angalau chumba kimoja cha kulala na bafu viwe chini, milango ifike sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite.

Halafu kuna LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humo, na nyumba ikifungwa miezi kumi deni linajikusanya; siku ya kurudi, umeme wa kwanza unaliwa wote. Mwachieni mlinzi hela anunue kidogo kila mwezi.

Mafundi ujenzi,
Majengo, Moshi