Riwaya fupi zina wasomaji Lubumbashi

Mhariri,

Naandika kuhusu makala yenu iliyodai kwamba vijana wa Lubumbashi wameacha kusoma. Sikubaliani nayo. Riwaya fupi za upelelezi na za kutisha, zinazotolewa na waandishi wenyewe bila shirika la uchapishaji, zinapendwa sana. Zinachokosa ni umbo linalofaa mfuko na simu ya msomaji.

Hadithi ya maneno 20,000, kwa maneno kama 350 kila ukurasa wa A5 (nusu ya A4), huingia katika kurasa 60 pamoja na ukurasa wa jina. Hizo ni karatasi 15 tu za A4, zilizochapwa pande mbili na kukunjwa katikati. Idadi ya kurasa isipogawanyika kwa nne, kurasa nyeupe hubaki mwishoni. Ukingo wa ndani ukiwa mwembamba, mkunjo humeza maneno. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4, basi afadhali sindano na uzi, matundu matatu. Uzi hushika hata kitabu kikipita mikono ishirini. Kwa simu, PDF ya A4 humchosha msomaji kwa kusukuma kila mstari kushoto na kulia. EPUB, aina ya faili la vitabu vya kielektroniki, hujipanga yenyewe kwenye kioo, na hutumwa kwa Bluetooth bila kula mega za intaneti.

Naomba wenye fotokopi za Kamalondo na za karibu na chuo kikuu watundike ukutani kurasa nne za mwanzo, bei chini yake. Nanyi tengeni kona ndogo kila wiki: riwaya moja, aina yake, kurasa ngapi, inapatikana wapi.

Msomaji wenu,
Lubumbashi