Barua kwa Shangazi yangu wa Ngamiani, Tanga, anayezima redio saa nne usiku

Shangazi, shikamoo.

Naandika hapa mbele za watu kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe wa sauti niliokutumia Idi ndogo umeusikiliza ukanyamaza. Najua utasomewa. Yule mjukuu wako anayeshinda na simu barazani atakusomea, wewe utajifanya unachagua mchele. Mwambie asome polepole, na akifika penye uzito asiruke.

Nimesikia mdogo wetu wa mwisho anaolewa mfunguo sita, Maulidi yakishapita, na wewe ndiye utakayemtia ndani umfunde. Nimefurahi, wallahi. Huku Dar siku hizi mwali anafundwa kwa saa mbili ukumbini, wanaita kicheni pati: spika zinanguruma, mshereheshaji anatania, wageni wanapiga picha, kisha mwali anatoka na friji na pasi na akili ileile aliyoingia nayo. Kwako hatatoka hivyo.

Nimesikia pia umesema mimi nije jikoni tu, chumbani kwa mwali nisikanyage. Maneno hayo yamenifikia yakiwa yametiwa chumvi njiani, lakini sauti yako niliitambua humo.

Haya, tuzungumze.

Unasema natangaza uchafu. Mimi kila ninachokisema redioni Jumamosi usiku, katika kipindi changu cha mambo ya chumbani, nilikianzia kwako. Nilipopewa kipindi, mtayarishaji aliniuliza mambo haya nimesomea wapi, nikamjibu nimesomea Tanga, juu ya mkeka. Nani alitufunga kanga kiunoni mimi na binti yako, mchana wa jua kali, milango imekomewa, akapiga debe la mafuta ya taa kwa sababu ngoma ya msondo ilikuwa imeazimwa Pangani? Ulitufundisha shanga, udi, asumini, namna ya kumpokea mtu aliyetoka safari na namna ya kumrudisha aliyenuna. Ulicheka mpaka ukajishika mbavu. Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo hili Mungu hakuliumba liwe adhabu. "Mficha uchi hazai," ulikuwa ukisema, tena kwa sauti, majirani wakisikia.

Na Bi Kidude je, yule mwimbaji wa Zanzibar? Alipoufunga msondo kiunoni akaimba ya unyago jukwaani, mbele ya wanaume na Wazungu, ulikuwa ukisema huyo ndiye mwanamke. Mwaka 2005 alipopewa tuzo ya WOMEX kule Uingereza ulitamba utadhani ni dada yako. Alipofariki Aprili 2013 ulilia. Basi ngoma jukwaani ni heshima na maikrofoni usiku ni uchafu. Nieleze mpaka umepita wapi, maana mimi siuoni.

Jibu lako nalijua: siri ya mtungi aijuaye kata, ya wanawake yabaki kwa wanawake. Lakini wanaonipigia wengi ni wanaume, Shangazi. Hao hawana kungwi wa kuwafunda. Jandoni waliambiwa wasilie, wakatoka, na tangu hapo mwalimu wao ni muuza vumbi la Kongo, ile dawa ya nguvu za kiume, pale stendi na bakuli la supu ya pweza jioni. Kuna dereva wa lori alipiga akasema ameshakunywa kila mzizi unaouzwa kati ya Tunduma na Dar, na hali ni ileile. Mgeni wangu siku hiyo alikuwa daktari, mzee mpole, anavuta maneno mpaka unadhani amesinzia. Habari ya mke hakuigusa. Aliuliza tu, "Usiku unaamka mara ngapi kukojoa? Kiu je?" Kimya. Kisha yule dereva: "Mara nne, daktari. Umejuaje?" Akaelezwa kwamba sukari na presha huharibu mishipa ya damu, na ile ya huko ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo inaweza kuziba mapema, mwanamume anadhani amerogwa kumbe moyo unamtumia salamu. Akaambiwa Jumatatu mganga amwache, aende akapime. Huo ndio uchafu wenyewe.

Nimemkalisha mkunga kwenye kiti kile. Nimemkalisha bibi anayesaga singo ya kusugulia mwili wa mwali. Nimemkalisha mwalimu wa madrasa, kanzu imepigwa pasi, kaja na kitabu kwapani, akawaambia wanaume kwamba Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwisha kuandika kuwa mume akitimiza haja yake asikimbilie kuinuka, amsubiri mkewe naye atimize yake. Laini zote zikajaa. Miaka mia tisa maneno yamo vitabuni, na wanaume wazima wanayasikia kwa mara ya kwanza redioni, katika kipindi cha binti wa kaka yako. Ungetembea kifua mbele mtaani, kama si ile simu.

Na redioni pia si mimi niliyeanza. Kule New York mwaka 1980 kulikuwa na mama mmoja, Ruth Westheimer, Myahudi aliyepelekwa Uswisi akiwa mtoto na wazazi wake wakaangamia mikononi mwa Wanazi. Alipewa dakika 15 usiku wa Jumapili, saa sita imeshapita, azungumzie mambo haya haya. Alikuwa na miaka 52, kimo chake hakizidi chako, lafudhi nzito ya Kijerumani, na kila kiungo akikitaja kwa jina lake bila kupepesa macho. Mwaka uliofuata wakampa saa nzima na simu za wasikilizaji. Alifariki Julai 2024 akiwa na miaka 96. Nilipoisikia sauti yake mara ya kwanza nilikukumbuka wewe na lile debe.

Sasa ile simu. Mgeni usiku ule alikuwa daktari wa wanawake, na mada ilikuwa maumivu katika tendo la ndoa. Akapiga mwanamke, sauti ya chini, maji yanamwagika nyuma yake. Alikuwa amejifungia bafuni. Akasema tangu aolewe kila mara anahisi anachomwa. Mumewe hana ukatili, ameacha hata kumgusa kwa kumhurumia, na mawifi wameanza kuuliza habari ya mtoto. Daktari akamuuliza, umewahi kumwambia nani? Akasema, "Nilimwambia aliyenifunda. Akaniambia kila mwanamke ameumia, meza kilio, asubuhi jioshe uso."

Daktari akamweleza kwamba wapo wanawake ambao misuli ya uke hukaza yenyewe bila kutaka, na hofu huikaza zaidi. Kwamba wakati mwingine ni maambukizi au ugonjwa mwingine wa ndani, ndiyo maana apimwe kwanza. Kwamba kuna mazoezi ya kuilegeza misuli hiyo na ushauri wa kukaa wote wawili, na wengi wanaopata matibabu hupona. Na kwamba hana deni la kuvumilia hata usiku mmoja zaidi. Yule mwanamke akalia, akalia, maji yakiendelea kumwagika. Fundi mitambo wangu, kijana asiyejua kitu ila mpira, akavua hedifoni akageukia ukutani.

Asubuhi Tanga nzima ilikuwa inasema ni binti yako. Wewe ukasema nimempanga, nimekuanika. Nakujibu nilivyowajibu wote: kwangu jina haliulizwi. Mtu akilitaja kwa bahati mbaya, sauti huchelewa sekunde chache kabla ya kwenda hewani, fundi anabonyeza, linaruka. Namba za wapigaji hatuzihifadhi. Sitakwambia kama alikuwa yeye, wala sitakwambia kama hakuwa yeye, hata uniletee msahafu.

Kisha ikaja arobaini ya baba. Kaka yako, tumbo moja. Nilisafiri na basi la usiku, nikafika kabla ya alfajiri, nikajifunga kanga nikakaa uani na wenzangu kukata vitunguu vya pilau. Ukatoka ndani. Wanawake wote kimya, hata yule bibi wa nyumba ya pili ambaye hajawahi kunyamaza. Ulisimama mbele yangu ukakichukua kile kisu mkononi mwangu, kwa vidole viwili, taratibu, mtu anavyookota najisi. Ukakifuta kwa pindo la kanga yako, ukampa mtoto wa jirani. Ukasema, "Mkono huu usiguse chakula cha maiti wetu." Kisha ukainama, ukalibeba sinia langu, ukalimwaga kwenye beseni la maganda. Vitunguu vizima, Shangazi, vimeshakatwa vyembamba jinsi ulivyonifundisha mwenyewe. Machozi yalikuwa yakinitoka tangu kabla hujaja, kwa ukali wa vitunguu, kwa hiyo hakuna aliyejua ni wakati gani nilianza kulia kweli.

Nimekutafutia udhuru. Ulikuwa umefiwa, usingizi huna, watu wanakunong'ona. Udhuru haukai. Kwa sababu kama uliitambua sauti ile, uliitambua usiku uleule, siku nyingi kabla ya arobaini. Mimi ulinisubiri mpaka uani mbele ya watu. Yeye ulimfuata? Ulipanda daladala moja tu ukaenda ukamshika mkono? Nimeambiwa ulimpigia kumuuliza kama ni yeye aliyepiga redioni. Hukumuuliza kama anaumwa.

Huyo mwanamke, yeyote awaye, aliniandikia baadaye. Alikwenda hospitali. Mumewe alimsindikiza, akakaa benchi la nje na mkoba wa mkewe mapajani, akiitwa ndani anaingia naye. Habari zake sasa ni njema, njema sana, na kama mambo yatakwenda hivyo hivyo basi wewe utakuwa wa kwanza ku… Niishie hapo.

Mimi pia nilikuuliza siku ile ya mkeka. Unakumbuka? Nilisema, na ikiuma je? Debe likanyamaza kidogo. Kisha ukaendelea kupiga. Nilidhani hukunisikia. Nimekuja kufikiri vingine baada ya kusikiliza watu usiku hadi usiku. Umetusimulia usiku wa kwanza wa kila mwanamke wa mtaa ule, wa kwako hujatusimulia. Uliolewa hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haijaandikwa, na ilipokuja nayo ikasema kwa msichana miaka 15 inatosha. Wewe hata hiyo 15 hukuwa umeifikia. Nani alikufunda, na alikwambia umeze nini?

Usikasirike. Au kasirika, lakini uendelee kusikiliza.

Mdogo wetu mfunde yote. Usimpunguzie hata ushanga mmoja. Ila ongeza machache. Mwambie akiumia aseme, kwanza kwa mumewe, kisha kwa daktari, na wewe uwe wa tatu. Lile shuka jeupe uliache kabatini. Wapo wanawali wasiotoka damu hata tone, na daktari yeyote atakwambia kitambaa si shahidi. Mwambie waende wakapime wote wawili kabla ya nikaha. Mwambie raha si ya mume peke yake, na Ghazali nimekutajia hapo juu, sijamtoa Ulaya. Mwambie anaweza kusema "leo hapana" na kesho akaamka bado mke wa mtu.

Utasema namfundisha kungwi kazi. Huenda. Lakini wewe umezungumza na wanawali waliokatazwa kujibu, mimi wangu wananijibu, tena wakiwa wamejifungia bafuni na kwenye makabini ya malori. Ninayoyajua nimeyapata kwao. Na sijamtoa mtu siri yake hata siku moja. Wanakuja nayo wenyewe kwa sababu nyumbani hakuna wa kumpa. Kipindi kinaanza saa nne, watoto wamelala. Asiyetaka kusikia ana kitufe, na wewe naambiwa unakizima kila Jumamosi baada ya kusikia mada. Baada ya kusikia mada, Shangazi. Mjukuu wako hana siri.

Jikoni nitakuja, pilau nitapika, kisu changu ninacho. Chumbani kwa mwali pia nitabisha hodi. Ukinifukuza, nifukuze yeye akisikia, na sababu umwambie wewe.

Kanga ya kisutu ya mwali naituma kwa basi la alfajiri pamoja na udi na pesa ya asumini. Ndani ya mfuko huohuo kuna doti yako. Ile ya mwaka jana uliirudisha kwa basi lilelile, na kondakta akanidai pesa ya mzigo mara mbili. Hii ikikuudhi, mpe mtu hukohuko Tanga.