Barua ya wazi kwa wazazi wazungumzao Kiswahili wa Minneapolis na Saint Paul

Wanangu, salamu.

Nasikia mnajiandaa kwenda kwenye vikao vya kaunti kuhusu ustawi wa familia, kinga na usawa wa rangi. Nendeni, tena mwende wengi. Ila msiende kusema tu kwamba tunaonewa. Kuonewa kupo na kumeshapimwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa asilimia 37 ya watoto wote wa Marekani huchunguzwa na idara ya ulinzi wa watoto kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa watoto weusi ni asilimia 53. Maofisa wanazijua takwimu hizo kuliko ninyi. Wasichokijua ni maisha ya nyumbani kwenu. Wapeni hicho, kisha ombeni mambo yanayoweza kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Kabla ya kikao, ijueni sheria. Mwaka 2024 Minnesota ilipitisha sheria ya kulinda familia za watu weusi zisitenganishwe na watoto wao bila sababu ya msingi. Itatumika jimbo zima kuanzia Januari 1, 2027. Kaunti za Hennepin na Ramsey zilitangulia kuianza kwa awamu Januari 2025. Wengi wenu mnadhani ni ya Wamarekani weusi waliozaliwa hapa. Sivyo. Inamtaja mtoto mwenye asili ya Afrika, hata kama ni mzazi mmoja tu mwenye asili hiyo, na asili hutambuliwa kwa kauli yenu wenyewe. Mtoto wa Mkisii wa Brooklyn Park yumo, na wa Mbembe aliyepitia kambi ya Nyarugusu yumo. Mkipewa fomu inayouliza asili ya mtoto, msiache nafasi wazi wala msiandike "nyingine".

Sheria hiyo inaidai kaunti juhudi za dhati kabla ya kumtoa mtoto nyumbani, na hapa ndipo mzazi anapaswa kuwa macho. Kumkabidhi mama karatasi ya Kiingereza yenye namba za simu kumi na kumwambia "tafuta msaada" si juhudi za dhati. Juhudi ni ofisa kupiga simu pamoja naye, kumwekea miadi, kuhakikisha usafiri upo na mkalimani yupo, kisha kufuatilia kama huduma ilipatikana. Mkipewa karatasi tupu, ombeni hayo kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, na msiufute.

Sasa kinga, yaani kuzuia kesi kabla hazijaanza, maana hatuwezi kuilaumu kaunti kwa kila kitu. Kesi nyingi nchini humu hazitokani na kipigo. Zinatokana na kile wanachokiita kumtelekeza mtoto, na humo ndimo familia za zamu za usiku zinamonaswa. Mwongozo ambao maofisa wa Minnesota hutumia kupokea taarifa unasema hivi: mtoto wa miaka 7 kushuka chini haachwi peke yake hata kwa muda mfupi, wa miaka 8 hadi 10 asiachwe zaidi ya saa 3, wa 11 hadi 13 asiachwe zaidi ya saa 12. Na mtoto aliye chini ya miaka 11 hahesabiwi kuwa mlezi wa wadogo zake. Kwetu binti wa miaka 9 kubeba mdogo wake mgongoni huku mama yuko sokoni ni malezi mema. Hapa mwalimu akisikia hivyo, analazimika kisheria kutoa taarifa. Msikasirike naye, pangeni zamu. Wazazi wanne wa jengo moja wakiandika ratiba ya nani yuko nyumbani usiku gani, tatizo kubwa limekwisha bila dola hata moja.

Shule nayo. Mtoto wa shule ya msingi akikosa siku 7 za masomo bila sababu inayokubalika, anaingia kwenye hesabu ya watoro, na akiwa chini ya miaka 12 kosa hudhaniwa kuwa la mzazi. Mtoto akiumwa, pigeni simu shuleni asubuhi ileile. Safari ya msiba Nairobi au Bukavu, ombeni ruhusa kwa maandishi kabla ya kununua tiketi.

Kuhusu kuchapa, sheria ya Minnesota haijakataza kila adhabu ya mwili, lakini mipaka yake ni ya karibu kuliko mnavyodhani. Ngumi, teke, kuchoma, kung'ata na kumrusha mtoto ni makosa. Kumtikisa mtoto aliye chini ya miaka 3 ni kosa. Jeraha lolote lisilo la ajali kwa mtoto wa chini ya miezi 18 ni kosa. Waya wa chaja na mkanda huacha alama, na alama ndiyo muuguzi wa shule anayoipiga picha. Ushauri wangu: acheni fimbo kabisa. Nchi hii si mahali pa kujaribu mpaka uko wapi.

Kuna kifungu kimoja wazazi maskini wanapaswa kukishika kwa mikono miwili. Kumnyima mtoto chakula, nguo au makazi huhesabiwa kosa pale mzazi alipokuwa na uwezo wa kutoa. Umaskini peke yake si utelekezaji. Lakini nani ataamini kwamba hukuwa na uwezo kama hukuuliza popote? Kodi ikichelewa au gesi ikikatwa, pigeni 211, namba ya kuelekezwa penye msaada, ombeni mkalimani wa Kiswahili, mwandike tarehe, jina la aliyepokea na alichojibu. Daftari la shilingi mbili linatosha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa msongo wa akili namba ya msaada wa dharura ni 988.

Ofisa akibisha hodi, huna wajibu wa kumruhusu aingie bila amri ya mahakama, isipokuwa kuna hatari ya papo hapo. Lakini kumfungia mlango kwa hasira mara nyingi humpeleka mahakamani kuitafuta hiyo amri. Tokeni nje, zungumzeni kwa adabu, mwulizeni mambo matatu: nimetuhumiwa nini (analazimika kukwambia), hii ni tathmini ya familia au ni uchunguzi, na jina na simu yako ni ipi. Tofauti ya tathmini na uchunguzi ni kubwa: tathmini haitoi hukumu kama mzazi ametenda kosa, uchunguzi hutoa. Vyote vinatakiwa kukamilika ndani ya siku 45. Ikija barua kwamba umepatikana na kosa, una siku 15 tu za kuomba kwa maandishi ifikiriwe upya, na barua hizo hupotea kwenye rundo la matangazo ya biashara. Mtoto asifanywe mkalimani kamwe. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inazitaka ofisi zinazopokea fedha za serikali kuu zisimbague mtu kwa asili ya taifa lake, na huduma ya mkalimani hutoka humo. Ukiletewa wa Mombasa na wewe ni wa Fizi, Kongo, na hamwelewani, sema papo hapo. Mpango wa usalama, yaani makubaliano ya maandishi ya namna mtoto atakavyolindwa, ukiwa hauna tarehe ya mwisho msiutie saini.

Leo hii andikeni karatasi ya ndugu: majina kamili, simu, anwani na uhusiano wa watu sita wanaoweza kumpokea mtoto wenu usiku wa manane. Mtoto akitolewa nyumbani, sheria ya shirikisho inataka ndugu watafutwe na kuarifiwa ndani ya siku 30, na Minnesota inamhesabu hata rafiki wa karibu wa familia kuwa ndugu. Mama wa ubatizo na jirani mliyetoka naye kambini wanafaa. Waulizeni kwanza kama wanakubali. Saa ya mahakama nayo haisubiri: mtoto akikaa nje miezi 15 kati ya 22, jimbo kwa kawaida hutakiwa kuomba haki za mzazi zifutwe, ingawa mtoto aliye kwa ndugu anaweza kusamehewa. Wakili ombeni siku ya kwanza kabisa.

Kikaoni, basi, ulizeni haya. Kati ya taarifa zote za mwaka jana, ngapi zilihusu watoto weusi, ngapi zilikubaliwa kufuatiliwa, ngapi zilichunguzwa, watoto wangapi walitolewa? Ulizeni kila hatua peke yake, kwa sababu jumla huficha mlango ambapo upendeleo unaingia. Ni watoto wangapi wa nyumba zinazoongea Kiswahili? Wakijibu kwamba hawahesabu lugha, ombeni waanze, na mtaje tarehe ya kurudi kuuliza. Ni ndugu wangapi walinyimwa mtoto, na kwa sababu gani? Tangu 2023 kanuni za shirikisho zinaruhusu jimbo kuwawekea ndugu masharti mepesi kuliko ya familia nyingine zinazolea watoto waliotolewa kwao, kwa hiyo chumba kidogo kisiwe kisingizio. Dakika za kuzungumza ni chache. Gawaneni, kila mmoja swali moja, na nakala ya maswali yote apewe karani kabla kikao hakijafunguliwa.