Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: Mto Mara, samaki wetu na lile beseni jeupe

Ndugu wanachama, wakubwa shikamooni, vijana mambo vipi. Taarifa imechelewa, lawama nabeba mwenyewe, ila nlikuwa nasubiria majibu ya samaki tuliowapeleka kupimwa na yalivyokuja mtayasikia huko chini, msiniwahishe.

Ada wengi mmelipa, ambao bado mnajijua na katibu ana daftari. Mtumbwi umezibwa unafanya kazi. Basi, tuongee mto.

Mnakumbuka Machi 2022, maji yamekuwa meusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, samaki wanaelea tumbo juu hadi huku chini Kirumi, mto unapokaribia ziwa, tukaambiwa kwa muda tusitumie maji wala kula samaki, halafu kamati ya serikali ikaja na majibu kwamba ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na majani yaliyooza, na nchi nzima ikacheka. Na mimi nilicheka sana tu, tena kwa sauti. Mwaka huu nimesoma zaidi na kicheko kimepungua. Huko juu Masai Mara kuna viboko zaidi ya 4,000, watafiti walipiga hesabu wakakuta wanaangusha kama tani 36 za mavi mtoni kila siku, kiangazi yanatulia chini ya madimbwi yanaoza na kumaliza hewa, mvua kubwa ikipiga inasukuma uji wote ule mara moja na samaki wa huku chini wanakosa oksijeni wanakufa, hii iliandikwa 2018, miaka minne kabla ya yetu. Sisemi ndo kilichotokea 2022, na sijamsafisha mtu yeyote wa migodi ambayo wengi waliishuku kwa sumu, msinilishe maneno. Ninachosema ni kwamba mto unaweza kuua samaki bila tone la sumu, na mto huohuo unaweza ukawa na samaki wamejaa wanaruka na wewe ukila ukajiumiza. Hayo ni maswali mawili na sisi miaka yote tulikuwa tunauliza moja.

Swali la kwanza, maji yanamfaa samaki aishi? Hapo tumejitahidi. Samaki wengi wanataka oksijeni kama miligramu 5 kwa lita kwenda juu, ikishuka chini ya 2 misiba inaanza. Inatakiwa ipimwe alfajiri kabla jua halijatoka, maana usiku majani na mwani navyo vinavuta oksijeni bila kutengeneza, kwahiyo ndo muda mto uko hoi kuliko muda wote. Kuna mwanachama (simtaji, ana watoto wakubwa) alikuwa anapima saa nane mchana akishaamka vizuri, namba zake nzuri mpaka nikashangaa, tumezifuta zote. Kipima oksijeni chenyewe kimelala miezi mitatu sababu kile kingozi chembamba cha mbele kilikauka, kiliachwa dirishani bila kofia yake, jamani kile kinatakiwa kibaki na unyevu, sio tochi ile.

Njia ya wadudu ndo imetufaa kuliko zote na haili hela, wavu na beseni jeupe basi. Unateka kwenye kijito chenye mawe, unamwaga kwenye beseni, unatulia kama dakika hivi, takataka zinaanza kutembea. Vile vijidudu bapa vyenye mikia miwili vinavyoshikilia mawe havivumilii uchafu kabisa, ukiviona shangilia, vya mikia mitatu vyenye kama mapezi pembeni ya tumbo navyo vizuri, watoto wa kereng'ende wako katikati, ukikuta minyoo na ruba tupu ujue huko juu mambo yameharibika. Mjukuu wangu wa darasa la tano anavitenganisha kuliko mimi, mi macho yamechoka.

Na tuache ule usemi wa "mbona kamongo wapo". Kamongo anapanda juu kuvuta hewa kama wewe, kambale hivyohivyo, hao wanaishi hata kwenye tope. Muulize ningu, yule anayepanda mto wakati wa mvua kwenda kutaga, wazee mnajua zamani alikuwa anapatikana vipi na sasa hivi anapatikana vipi.

Swali la pili, samaki anafaa kuliwa? Hapa tumepigwa. Shida ni zebaki wanayokamatia dhahabu wachenjuaji, ikiingia kwenye matope yasiyo na hewa, na mafunjo yetu yamejaa matope hayo, bakteria wanaibadilisha inakuwa aina inayoingia mwilini na haitoki upesi. Furu, yule samaki mdogo, anakula vijidudu, sangara anakula furu, kila hatua inajikusanya, mpaka kwenye samaki mkubwa inaweza kuwa mara milioni ya iliyoko kwenye maji. Sasa sisi tumepeleka samaki kwenye barafu, tumelipa, maabara moja mjini (sitaji) ikatupa karatasi safi yenye muhuri imeandikwa hakuna tatizo, kuja kusoma chini wamepima ile chupa ya maji tuliyoweka pembeni. Samaki hawakuguswa! Walipoulizwa wakasema samaki walishatupwa, walianza kunuka. Hela ya chama hiyo.

Kwahiyo hatuna majibu, na siwezi kuwaambia samaki ni salama wala sio salama. Mwakani tupeleke minofu ya sangara, kamongo na sato, kila mmoja kaandikwa urefu na siku aliyovuliwa, maana mkubwa ndo mzee na ndo amejaza, na tuwaandikie kabisa kwamba tunataka zebaki kwenye nyama, kiwango kinachotumika sehemu nyingi ni nusu miligramu kwa kilo. Kwa sasa akina mama wenye ujauzito na watoto wadogo wale zaidi sato na dagaa, sangara wakubwa wapunguze, na mjue kukaanga, kubanika au kutoa utumbo hakuondoi zebaki, iko kwenye mnofu. Wale waliookota samaki wa kuelea wakakausha wakauza, tuliongea, sitarudia hapa.

La mwisho, lile beseni jeupe la chama lilienda kwenye harusi mwezi wa nane halijarudi. Nimeletewa la bluu. Kwenye la bluu wadudu hawaonekani, naomba letu.