Michango ikishuka, si wote wamekuwa wabinafsi

Mhariri,

Majaribio ya ushirikiano yakitajwa magazetini, hitimisho huwa lile lile: binadamu ni mbinafsi, ukarimu wake ni wa siku ya kwanza tu. Naomba nafasi nionyeshe hesabu inapopotoka.

Watu wanne wasiojuana hupewa pointi 20 kila mmoja. Kila mtu huamua peke yake atie ngapi kwenye mfuko wa pamoja. Zilizomo huzidishwa kwa 1.6, kisha hugawanywa sawasawa kwa wote, aliyetoa na asiyetoa. Wote wakitoa zote, kila mmoja huondoka na 32. Mmoja akitegea na watatu wakatoa zote, yeye hupata 44, wenzake 24. Kila pointi unayotoa hukurudishia 0.4 tu, kwa hiyo mbinafsi hasa hatoi hata moja.

Mchezo huu ukirudiwa, raundi ya kwanza watu hutoa wastani wa asilimia 40 hadi 60 ya pointi zao. Kufikia raundi ya kumi, mfuko huwa umekaribia kukauka. Je, ubinafsi ndio umefichuka? Mwaka 2001, watafiti Fischbacher, Gächter na Fehr walimtaka kila mshiriki aseme atatoa ngapi iwapo wastani wa wenzake ni 0, 1, 2, hadi 20. Nusu hivi walipandisha mchango kadiri wenzao walivyopandisha. Ambao hawakutoa kitu kwa hali yoyote hawakufika theluthi. Lakini hata ile nusu, wengi hutoa pungufu kidogo ya wenzao, na upungufu huo ukijirudia raundi baada ya raundi unatosha kuushusha mfuko. Anayepunguza hivyo hajageuka mchoyo. Amechoka kubeba wanaotegea.

Maelekezo nayo huharibu mengi. Asiyeelewa ile 0.4 hutoa kwa kubahatisha, nasi tukamwita mkarimu. Ndiyo maana apewe kwanza hesabu kama ile ya 44 na 24, asianze mpaka aipatie. Hata jina lina nguvu: katika utafiti wa Liberman, Samuels na Ross wa mwaka 2004, mchezo mwingine wa ushirikiano ulipoitwa wa jumuiya, takriban theluthi mbili walishirikiana, ulipoitwa wa Wall Street, mtaa wa masoko ya hisa New York, theluthi moja hivi.

Waandishi wenu wasitosheke na wastani, wadai mchango wa kila mshiriki. Wastani wa 10 unaweza kuwa watu wanne waliotoa 10 kila mmoja, au wawili waliotoa 20 na wawili ambao hawakutoa kitu.

Mtafiti wa tabia za kiuchumi