Bei za gesti Dodoma zibandikwe mapokezi

Ndugu Mhariri,

Nauza mafuta ya alizeti. Nayatoa Singida kuyaleta Dodoma, na soko likikubali naendelea hadi Arusha kwa njia ya Kondoa na Babati. Tangu lami hiyo ifunguliwe mwaka 2018, barabara haina tatizo. Tatizo ni pa kulala. Bunge la bajeti likianza Aprili, gesti za Dodoma mjini hujaa mpaka Juni, na chumba kinachobaki hupanda bei ukiwa umeshashusha begi. Mwanamke uko na mzigo, saa nne usiku, utaenda wapi? Unalipa.

Naiomba halmashauri ya jiji iwabane wenye gesti wabandike bei mapokezi, kila mtu aione kabla ya kuandika jina kitabuni. Kondoa nako, wilaya yenye michoro ya miambani ya Kolo iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, tunahitaji gesti zaidi zenye uzio na mlinzi. Dereva wangu hulala ndani ya gari kulinda madumu, asubuhi anashika usukani macho mekundu. Hilo linanitisha kuliko bei.

Mama muuza alizeti,
Singida