Vituo vidogo vya reli visiachwe vife

Mhariri,

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wakati huo pakiitwa Port Florence, ilikuwa imeteremka kutoka Mau kupitia Fort Ternan na Muhoroni. Vibarua kutoka India na Waafrika waliitolea jasho. Miji midogo mingi ya huku ilikua kandokando ya vituo.

Leo kituo kidogo cha karibu nasi hakina hata karani. Dirisha la tiketi limepigiliwa mbao, nyasi jukwaani zinafika magotini. Garimoshi la abiria lilirejea Kisumu Desemba 2021, tukashangilia kweli. Inauma basi kuona jengo hili likibomoka. Wahusika watuwekee mlinzi, taa na kibao cha historia kabla mabati hayajaibwa yote.

Msomaji,
Muhoroni